Simu ya Kazi Imeingia Jikoni

Akina mama wenzetu, tunawaandikia kutoka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Safari hii hatuandiki juu ya mapishi wala malezi. Tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo mama wakwe zetu hawakulijua walipokuwa wakiendesha nyumba zao: kazi ya mtu inayorudi naye nyumbani, ikakaa mezani pamoja na watoto, na usiku ikalala chini ya mto wake. Tunasema juu ya makundi ya wafanyakazi katika simu.

Kwanza mtujue. Sisi ni akina mama tisa wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Wawili wetu ni wauguzi, mmoja ni mwalimu, mmoja ni wakala wa benki katika duka la mumewe, na waliobaki tunauza dagaa na migebuka, tunalima mpunga na muhogo, au tunashona. Waume wa baadhi yetu nao wameajiriwa. Siku moja baada ya kuhesabu hisa tuliamua kuhesabu pia makundi ya kazi yaliyomo katika simu za nyumba zetu. Tulipata 14. Kuna kundi la wauguzi wa zamu, kundi la walimu, kundi la mawakala, kundi la wakuu wa idara, na kundi jingine la wakuu hao hao bila bosi wao. Kila kundi lina mambo yake ya siri. Na simu zenyewe je? Asubuhi iko mkononi mwa baba, mchana iko kwa mtoto anayetazama katuni, jioni imeegemezwa kwenye kopo la chumvi jikoni ili itumulikie sufuria umeme ukikatika.

Hapo ndipo tulipoulizana: siri ya mgonjwa, ambayo zamani ilifungiwa kabatini, siku hizi inalala wapi?

Habari iliyofika sokoni

Hatukuuliza kwa udadisi. Binti wa mmoja wetu, ambaye ameolewa katika mji ulio mbali na hapa, ametupa ruhusa ya kusimulia habari zake mradi tusitaje jina lake wala mji wenyewe. Alikwenda kliniki akiwa na mimba ya miezi mitano. Alipimwa damu kama wajawazito wote wanavyopimwa, na majibu yake yalihitaji dawa ambazo siku ile zilikuwa zimekwisha. Muuguzi akapiga picha ukurasa wa daftari, akaituma katika kundi la wafanyakazi na kuuliza ni kituo gani chenye dawa hizo. Swali lilikuwa jema. Alijibiwa baada ya muda mfupi, na dawa zikapatikana.

Lakini katika kundi lile alikuwamo mtumishi ambaye alikuwa ameacha kazi mwaka mmoja nyuma. Hakuna aliyekumbuka kumtoa. Simu yake ilikuwa ikitumiwa na watu wa nyumbani kwake, na mmoja wao anauza nguo sokoni. Tena ukurasa ule haukuwa na jina la binti yetu peke yake, bali majina ya wanawake 11 waliopimwa siku hiyo. Kabla wiki haijaisha, wifi yake alimwuliza mbele ya wageni, "Wifi, mbona jambo kama lile hukutuambia sisi ndugu zako?" Binti alidhani anaulizwa juu ya mimba.

Aliacha kwenda kliniki kwa wiki sita. Akina mama wengi mnajua maana yake. Dawa hizo hunywewa kila siku bila kuruka, nazo ndizo zinazomkinga mtoto asipate virusi kutoka kwa mama yake akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa na wakati wa kunyonya. Mama yake alipopata habari alipanda gari, akaenda kumchukua, akamleta huku, na huku akaendelea na dawa mpaka alipojifungua salama. Mtoto sasa ana miaka mitatu. Amepimwa mara zote zinazotakiwa na hana virusi. Ndoa imesimama, ingawa yeye na wifi yake mpaka leo hawapikiani.

Msomaji anaweza kusema kosa ni la yule wa sokoni, au la muuguzi. Sisi tumelitazama jambo hili mara nyingi na tunaona kwamba muuguzi alitafuta dawa, kiongozi wa kundi alisahau, na simu ikafanya ile kazi iliyotengenezewa, yaani kumpelekea ujumbe kila aliyemo bila kuuliza bado yumo kwa haki gani. Uovu ulianza sokoni, lakini mlango ulikuwa wazi tangu mwaka uliotangulia.

Upande wa pili

Baada ya kusikia habari hizi mmoja wetu, mama muuza dagaa ambaye akisema hutulia hata upepo, alitoa shauri lake. Alisema simu zote zikusanywe kwenye mlango wa wodi ya wazazi kama viatu vinavyoachwa mlangoni pa msikiti. Wengi tulipiga makofi.

Mmoja wa wauguzi wetu alingoja makofi yaishe. Kisha akasema, "Dada, nikusimulie usiku mmoja tu."

Ilikuwa masika. Mama mmoja alikuwa amejifungua vizuri, lakini damu ikawa haikatiki. Barabara ya kutoka hapa hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 100, na ninyi mnaoifahamu wakati wa mvua hamhitaji kuelezwa zaidi. Muuguzi alimpa dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, akamkanda tumbo kama alivyofundishwa, na mwenzake akaandika katika kundi: umri, uzazi wa ngapi, damu kiasi gani, dawa gani imetolewa. Daktari aliyekuwa macho alijibu mara moja, akaendelea kuwaelekeza hatua kwa hatua, na papo hapo mtu mwingine akapiga namba 115 kuomba usafiri. Wengi wenu mnaijua namba hiyo. Ni ya bure, nayo ni ya mpango wa m-mama ambao serikali ilianza kuueneza nchi nzima mwaka 2022. Mahali ambapo gari la wagonjwa halipo karibu, mpango huo hutumia madereva wa jamii waliokwisha kuandikishwa, na hulipwa kwa simu. Yule mama alipona.

"Sasa dada," muuguzi akamalizia, "angekuwa ni mdogo wako, ungetaka simu yangu iwe mlangoni pamoja na viatu?"

Mama muuza dagaa hakujibu. Lakini pia hakubadili shauri lake, na tutarudi kwake baadaye.

Basi ugumu wa jambo lenyewe ndio huo. Kundi lile lile lililomwokoa mama mmoja ndilo linaloweza kumfukuza mwingine kliniki. Wakubwa wakisema simu ni marufuku, kuna mama atakufa njiani kwenda Mpanda. Wakiacha mambo yaende hivi yanavyokwenda, kuna binti atakayeona heri akae nyumbani na ugonjwa wake kuliko kuandikwa katika daftari linaloweza kupigwa picha.

Karema ni padogo

Wakazi wa mijini huenda wasione uzito wa jambo hili kama sisi. Mjini, ukiondoa jina la mgonjwa, umeficha mgonjwa. Hapa haitoshi. Andika tu "mama wa miaka 24, uzazi wa tatu, mume mvuvi, anatoka mtaa wa juu ya bandari", bila jina, bila picha ya uso, na sisi tisa tutakuambia ni nani kabla hujamaliza kusoma. Hata kitenge kikionekana katika pembe ya picha kinatosha, maana tunajua nani alikinunua, na kwa nani, na kama amemaliza kukilipa.

Mahali hapa pana historia yake katika mambo ya tiba. Tangu mwaka 1889 mpaka alipofariki mwaka 1956, wagonjwa wa Karema walitibiwa na Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akapelekwa Malta kusomea utabibu, kisha akaja hapa na kuoa hapa hapa. Hospitali moja huko Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Hebu fikirini: zaidi ya miaka 60 mtu mmoja anaingia katika nyumba za watu, anajua nani tasa, nani ana kaswende, mtoto gani hakuzaliwa kwa miezi inayohesabika. Alichonyamazia alikwenda nacho kaburini. Siri ilikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na kichwa kimoja. Leo siri hiyo hiyo ikiingia katika kundi la watu 40, ina nakala 40 katika simu 40, na kila simu ina watoto wake na mashemeji wake.

Sheria za nchi hazikulala. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo yawe siri ya aliyepimwa. Baadaye ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inahesabu habari za afya ya mtu, habari za watoto na habari za fedha za mtu kuwa ni taarifa nyeti. Iko na tume yake, ambayo mwananchi aliyedhurika anaweza kuipelekea malalamiko. Benki nazo zimefungwa na sheria kutunza siri za wateja wao. Mwenzetu wakala anatuambia kwamba muamala ukikwama, jambo la kwanza linalofanyika ni mtu kupiga picha risiti na kuituma katika kundi ili asaidiwe, na risiti hiyo ina jina na kiasi. Katika kijiji ambako kila mtu anajua nani ameuza mpunga wiki hii, kiasi ni habari kubwa.

Wenzetu wa nchi nyingine

Tusijidharau tukadhani ni ushamba wetu. Huko Scotland, katika hospitali za Lanarkshire, wafanyakazi 26 walikuwa na kundi lao la WhatsApp kati ya Aprili 2020 na Aprili 2022, yaani kipindi kile cha korona. Majina ya wagonjwa, anwani zao na namba zao za simu ziliingizwa humo zaidi ya mara 500, pamoja na picha. Siku moja mtu asiye mfanyakazi akaingizwa katika kundi kwa bahati mbaya. Mwaka 2023 ofisi inayosimamia mambo ya taarifa nchini Uingereza ikatoa karipio rasmi. Habari ni ile ile ya binti yetu, ila kwa Kiingereza.

Marekani mambo yalikuwa ya fedha. Mwezi Desemba 2021 benki ya JPMorgan ilitozwa faini ya jumla ya dola milioni 200 kwa sababu wafanyakazi wake, wakubwa wakiwamo, walikuwa wakizungumza mambo ya biashara katika simu zao binafsi, na benki haikuwa na kumbukumbu ya mazungumzo hayo. Mwezi Septemba 2022 benki na makampuni mengine makubwa yakafuata, na safari hii jumla ya faini ilifika dola bilioni 1.8. Hawakutozwa kwa sababu ya wizi. Kosa lilikuwa kwamba mkaguzi akitaka kusoma waliyosemezana, hayapo.

Angalieni tofauti, maana sisi ilituchukua muda kuiona. Benki hukatazwa kupoteza maneno. Hospitali hukatazwa kuyaeneza. Kundi la kawaida la simu linashindwa yote mawili kwa pamoja: linapoteza yanayotakiwa kutunzwa, na linatawanya yanayotakiwa kufichwa.

Kwa ajili hiyo wataalamu wametengeneza mitandao ya kazi, ambayo kwa sura inafanana na hii tunayotumia kusalimiana, lakini mwenye nyumba ni taasisi. Mmoja wa mwanzo uliitwa Yammer, ulianza mwaka 2008, na Microsoft waliununua mwaka 2012 kwa dola bilioni 1.2. Mwaka 2014 benki kubwa kadhaa, Goldman Sachs ikiwa mbele, ziliungana kuanzisha wa kwao uitwao Symphony. Waholanzi walitengeneza Siilo kwa ajili ya madaktari na wauguzi peke yao. Karibu nasi zaidi, Zanzibar, mpango wa Jamii ni Afya uliwapa wahudumu wa afya wa jamii simu zenye programu ya kazi. Humo hakuna uwanja wa kupiga soga. Kazi yake ni kumwongoza mhudumu anapotembelea familia na kuiweka taarifa mahali pake badala ya katika picha za simu.

Mama, kama bado huoni tofauti yake na kundi la kawaida, fikiria sanduku letu la hisa. Lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa akina mama watatu wasioishi nyumba moja. Mwenye ufunguo akihama Karema, ufunguo unarudishwa siku ile ile mbele ya wote. Kila anayetia na anayetoa anaandikwa. Hakuna anayebeba sanduku kwenda kulala nalo. Mitandao hii ya kazi imejengwa hivyo hivyo. Unaingia kwa utumishi wako, si kwa sababu fulani ana namba yako, na utumishi ukiisha mlango unafungwa. Picha hubaki katika ghala la taasisi, wala haiendi kuchanganyika na picha za ubatizo wa mtoto. Nani amesoma na saa ngapi, kumbukumbu ipo. Kama ni kufuta, hufutwa kwa kanuni, si kwa hofu ya mtu mmoja usiku wa manane.

Kungekuwa na sanduku la namna hiyo katika mji ule, picha ya daftari ingesomwa na waliotakiwa kuisoma, dawa zingepatikana vile vile, na yule aliyeacha kazi angekuta mlango umefungwa.

Chumba ambacho mke haingii

Sasa tunafika mahali ambapo wanawake tisa walikaribia kugombana kweli.

Mume wa mmoja wetu ni tabibu. Taasisi anayofanyia kazi imeanza kutumia programu ya namna hii, na simu yake sasa ina sehemu inayofunguka kwa namba ya siri ambayo mke haijui. Mwenzetu alitueleza kwa uchungu. Kwa miaka 12 simu ya baba ilikuwa simu ya nyumba. Alijua namba yake, alipokea akiwa kuoga, alisoma ujumbe wa shangazi na kumjibu kwa niaba yake. Leo kuna chumba ndani ya simu ambacho kimefungwa. Alipouliza, mume alimjibu, "Mke wangu, humo hamna mwanamke. Mna wagonjwa."

Wengine tulicheka. Yeye hakucheka. Alisema, na tunaona alikuwa na haki ya kusema, kwamba tumefundishwa tangu siku ya harusi kuwa mume na mke hawafichani, na kwamba mwanamume mwenye nia mbaya hawezi kupata maficho mazuri kuliko hayo, maana akiulizwa anasema ni sheria ya nchi.

Tulizungumza Jumamosi mbili. Mwalimu wetu ndiye aliyesema neno lililotusaidia wengi. Alisema kwamba mume anaweza kumgawia mke kila kilicho chake, lakini siri ya mgonjwa si mali yake. Amewekewa tu. Mtu akikuachia kuku wake mpaka arudi kutoka Kigoma, huwezi kumchinja ukasema tumekula mume na mke kwa sababu sisi ni mwili mmoja. Na yule muuguzi akaongeza kwamba yeye naye ana mume, na mumewe hajui ni nani katika kijiji hiki anayekunywa dawa gani, na ndoa yao ina miaka 15.

Mwenzetu amekubali kwa sehemu. Wamepatana na mumewe hivi: chumba cha kazi kibaki kimefungwa, simu iliyobaki yote iwe wazi kama zamani, na chumba hicho kisifunguliwe kitandani. Hili la mwisho lina faida ambayo hatukuitegemea. Programu yenyewe inaweza kunyamazishwa mtu asipokuwa zamu, bila kuwagusa ndugu, wadai na wanakwaya, ambao hawamo humo.

Hatuna haja ya kuwapamba watengenezaji wa mitandao hii. Wauguzi wetu wana hofu yao, na ni ya kweli. Ghala likiwa la taasisi, mkubwa anaweza kusoma. Leo unauliza juu ya damu ya mgonjwa, kesho unaandika kwamba posho ya zamu ya usiku haijalipwa miezi mitatu, na neno hilo linakaa ghalani likikungoja. Huko katika benki za Marekani kila neno hutunzwa, hata la utani. Mfanyakazi anapaswa kuambiwa wazi, kabla hajaandika neno la kwanza, nani anasoma na kwa sababu gani. Kisha kuna gharama, kwa maana mitandao mingi ya namna hii hulipiwa kwa kila mtumiaji, na kuna swali la ghala liko nchi gani, ambalo sheria yetu ya 2022 nayo inaligusa. Na ziwa likichafuka, minara yetu ya simu nayo huwa na tabia zake. Sanduku zuri lisilofunguka usiku wa kutoka damu litamrudisha muuguzi kwenye WhatsApp, na hatutamlaumu.

Tulichofanya

Kwa sababu hatuwezi kununua programu, tulianza na tulivyo navyo. Katika nyumba zetu tisa, simu yenye kundi la kazi haipewi mtoto tena, hata akilia. Picha hazijihifadhi zenyewe pamoja na picha za nyumbani. Hiyo ni kazi ya dakika moja katika simu, na kijana yeyote wa sekondari atakuonyesha. Tumewaomba walio wauguzi wasipige picha ukurasa wa daftari wenye majina mengi, bali waandike swali peke yake. Nao wameomba kwetu kwamba mama anayepigwa picha ya kidonda au ya mtoto aambiwe kwanza inakwenda kwa nani, na awe na ruhusa ya kukataa bila kununiwa. Sisi akina mama tunaweza kuuliza hivyo. "Nesi, picha hiyo inakwenda wapi?" Si utovu wa adabu.

La mwisho lilikuwa orodha. Kila mmoja wetu mwenye kundi la kazi nyumbani alimwomba kiongozi wa kundi hilo asome majina ya waliomo mara moja kila mwezi, kama tunavyosoma majina ya wanahisa, na kumwondoa aliyehama. Kati ya makundi 14, viongozi wa makundi tisa wamekubali. Watatu wamesema watafikiri. Wawili wametuambia mambo ya kazi hayawahusu wake za watu.

Mama muuza dagaa bado anasema simu zibaki mlangoni. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akihesabu kwa vidole siku orodha ya kwanza iliposomwa, katika kundi ambalo hatulitaji wala idara yake. Yalisomwa majina 43. Sita walikuwa wamehamishwa, wawili wamestaafu, mmoja amefariki na simu yake anayo mwanawe. Na namba moja, yenye picha ya maua ya waridi, hakuna hata mmoja aliyeijua ni ya nani.